Ndege wa mlango wa Ruzizi: Uvira ianze kuwahesabu

Kila mwaka, mwezi wa tisa ukifika, ndege wadogo wa miguu myembamba hushuka kwenye matope ya mlango wa Ruzizi, fasi mto unapoingia Ziwa Tanganyika kati ya Uvira na Bujumbura. Wametoka mbali. Wengine walitotolewa kaskazini ya Urusi na ya Ulaya, wakavuka jangwa la Sahara kwa mabawa yao wenyewe, na watakaa huku mpaka mwezi wa tatu au wa nne kabla ya kurudi. Hawaonyeshi karatasi kwa DGM ya Kavimvira. Lakini mpaka wa inchi unawagusa hata wao: wakitua upande wa Burundi, wametua ndani ya hifadhi ya taifa, wakisogea kidogo upande wa Kongo, hakuna hifadhi tena.

Tofauti hiyo haikuanza jana. Burundi inalinda upande wake tangu 1980, na mwaka 2002 Hifadhi ya Taifa ya Rusizi (ndivyo Warundi wanavyoandika jina hilo) iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa juu ya maeneo ya maji na vinamasi uliotiwa sahihi kule Iran mwaka 1971. Kongo nayo iko ndani ya mkataba huo tangu 1996. Imeandikisha maeneo manne: sehemu ya Virunga, mikoko ya Muanda, eneo kubwa la Ngiri-Tumba-Maindombe, na bonde la Lufira kule Katanga. Upande wa Kongo wa mlango wa Ruzizi haumo.

Muanda ni mfano unaostahili kutazamwa, kwa sababu kule pia ni mlango wa mto. Mto Kongo unapoingia bahari ya Atlantiki, inchi ina kipande kidogo cha pwani, kilomita arobaini hivi, hazizidi. Ni fasi yenye visima vya petroli, yenye wavuvi wengi, na pale Banana kuna kazi ya bandari ya kina kirefu iliyozinduliwa mwaka 2022. Pamoja na hayo yote, mwaka 1992 serikali iliweka hifadhi ya mikoko, ikalinda pamoja na miti hiyo kasa wanaotaga kwenye mchanga, nguva na ndege wa pwani. Hifadhi hiyo ina matatizo yake, na mikoko inaendelea kukatwa kwa ajili ya makala. Ila iko kwenye ramani, na mtu anayetaka kulalamika anajua ni mlango gani wa kubisha. Mkaaji wa Uvira anayeona matete ya Ruzizi yakichomwa hana mlango wa namna hiyo.

Ili kuelewa kwa nini ndege wanapapenda hapo, ni lazima kufuata mto wenyewe. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, na kabla ya kufika Tanganyika inashuka karibu mita 700 katika urefu wa kilomita zipatazo 117. Kwenye makorongo ya juu inakimbia kwa kelele. Ikishapita Kamanyola inaingia bondeni na kupunguza mwendo, inazungukazunguka, na ikifika ziwani nguvu zinaisha kabisa. Kile ilichokuwa imebeba inakiacha pale: udongo wa mashamba, mchanga, majani yaliyooza. Hivyo ndivyo vinavyojenga visiwa vya matope, vichuguu vya mchanga na vichaka vya matete. Maji ni machache, mengine hayafiki magotini. Jua linayapasha joto, wadudu na minyoo wanazaliana, na samaki wadogo wanajificha katikati ya matete mpaka wakomae. Ndege hawaji kwa sababu fasi ni nzuri. Wanakuja kula.

Mtu akisimama pwani alfajiri, kabla ya upepo wa ziwa kuamka, hahitaji elimu kubwa ili aone. Mwari wanapita kwa mstari, wazito, midomo yao kama mifuko. Yangeyange weupe wanatembea nyuma ya ng'ombe. Mnandi, weusi, wanasimama juu ya miti iliyokufa na mabawa wazi, sawa vile mwanamke anavyoanika nguo. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe anasimama hewani bila kusogea, kichwa chini, halafu anajitupa majini kama jiwe. Furukombe, yule tai wa kichwa cheupe, anasikika kabla ya kuonekana. Kwenye matope, kitwitwi wanakimbia mbele na nyuma wakichoma matope kwa midomo, na hao ndio wageni wa kutoka kaskazini.

Kuna mmoja anayestahili subira zaidi. Kwa Kifaransa huitwa bec-en-ciseaux, ndege-mkasi, na jina linamfaa. Mdomo wake ni mwekundu wa kuelekea rangi ya chungwa, na sehemu ya chini ni ndefu kuliko ya juu, kitu ambacho ni nadra sana kati ya ndege wote wa dunia. Jua likikaribia kuzama anaruka chini kabisa, mdomo wazi, ile sehemu ndefu ikikata maji kama kisu kinavyopasua kitambaa. Ikigusa samaki, mdomo unafunga. Ndege huyu hajengi kiota. Anachimba shimo dogo juu ya mchanga mtupu, wakati maji yako chini, na kutaga hapo hapo. Maji yakipanda kabla ya wakati, au ng'ombe wakipita, au watoto wakiokota mayai, mwaka wake umekwisha.

Na maji yamepanda. Kati ya 2020 na 2024 wakaaji wa Kavimvira, wa Kalundu na wa Gatumba ng'ambo ya pili waliona ziwa likiingia barabarani, kisha nyumbani. Familia zilihama, kuta zilianguka, watu walipita kwa mtumbwi fasi walipokuwa wakipita kwa miguu. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, kwa hiyo mvua ikizidi halina haraka ya kushuka. Hasara za watu zilionekana, zikapigwa picha, zikasemwa kwenye redio. Vichanga vilivyofunikwa na maji havikupigwa picha. Hakuna aliyeweza kusema mjini Uvira ni ndege wangapi walikosa fasi ya kutagia, kwa sababu ili kusema wamepungua ni lazima kwanza kujua walikuwa wangapi.

Jambo la pili linatoka juu. Ruzizi haibebi udongo peke yake. Takataka za plastiki za Bukavu zinaingia ziwani Kivu na kwenye mto, zinajikusanya mbele ya bwawa la Ruzizi I, na zaidi ya mara moja zimesumbua mashine za umeme mpaka SNEL ikalazimika kuziondoa. Mji unapokosa umeme, kila mtu anazungumzia chupa za plastiki. Zile zinazopita bwawa hazizungumziwi tena. Na mto unaishia kwenye yale matete.

Msomaji wa Uvira, wa Sange au wa Luvungi ana haki ya kuuliza: ni nani mwenye muda wa kuangalia ndege? Bonde la Ruzizi limepitiwa na vita. Watu wamekimbia na magodoro kichwani, wengine wamevuka kwenda Burundi kupitia mto huo huo. Kuna watoto ambao hawajui darasa ni nini. Kumwambia mama aliyelala chini ya hema kwamba kitwitwi wanahitaji ulinzi kunaweza kuonekana kama tusi.

Swali hilo halijibiwi kwa hotuba juu ya uzuri wa viumbe. Jibu liko kwenye sahani. Matete yanayompa ndege maficho ndiyo yanayompa samaki mdogo maficho, na samaki huyo ndiye atakayeuzwa sokoni akishakomaa. Matete hayo hayo yanavunja wimbi kabla halijafika kwenye msingi wa nyumba. Fasi yalipokatwa ili kupanda mahindi mpaka kwenye ukingo wa maji, au yalipochomwa, ziwa linapiga ardhi moja kwa moja. Kupima afya ya eneo la namna hiyo kwa mashine kunahitaji maabara, vipimo na feza ambazo hazipo. Kuhesabu ndege kunahitaji macho, daftari, kalamu na saa chache za asubuhi. Mdiria wakipungua mwaka hadi mwaka, kuna kitu kinaendelea kwa samaki wadogo wa karibu na pwani. Furukombe akihama mti aliouzoea, kuna sababu. Ndege hatoi jibu kamili, lakini anasema ni wapi pa kuangalia, na anasema mapema.

Kikwazo cha kweli si feza. Ni darubini.

Kijana anayesimama kwenye mpaka na darubini shingoni, akiandika kwenye daftari, anajua kitakachofuata. Atatoka askari, ataulizwa anatazama nini, ametumwa na nani, kwa nini anaelekeza macho ng'ambo. Akijibu kwamba anahesabu ndege, jibu hilo litamletea shida zaidi kuliko kunyamaza. Katika eneo la vita hofu hiyo inaeleweka. Askari hawezi kumjua kila mtu, na wapelelezi wapo. Lakini matokeo yake ni kwamba watu pekee wanaoangalia mlango wa Ruzizi kwa makini upande wa Kongo ni wale wanaoutafutia adui. (Viboko pia wanaulinda, na kiboko haulizi karatasi.)

Kutokuangalia kuna gharama, na Kivu ya Kusini inaijua. Juu ya Uvira, kwenye milima ya Itombwe, bundi mmoja alikusanywa mwaka 1951, na Henri Schouteden, mtaalamu Mbelgiji, akamtambulisha kwa wenzake kama ndege asiyejulikana bado. Baada ya hapo, kimya. Hakuna mtaalamu aliyemshika tena mpaka 1996, miaka 45 baadaye, kwenye milima hiyo hiyo. Bundi hakuwa ameenda popote. Waliokosekana ni watu wenye ruhusa, muda na usalama wa kumtafuta. Wawindaji wa Itombwe huenda walimsikia kila usiku, na hakuna aliyewauliza.

Kwa upande mwingine, jirani mmoja ameonyesha kile ambacho hesabu rahisi inaweza kufanya. Kutaja Rwanda kama mfano siku hizi kunachoma watu wengi huku, na wanajua kwa nini. Ila korongo mwenye taji, yule aliye kwenye bendera ya Uganda, anaishi kwenye vinamasi vya ukanda huu wote na hana uraia. Rwanda ilipoanza kumhesabu kila mwaka, mwaka 2017, walipatikana 487 tu. Wengi walikuwa wamekamatwa na kufugwa kwenye bustani za hoteli na za watu wenye uwezo, kama mapambo. Korongo waliondolewa kwenye bustani, watu wa vijijini wakapewa kazi ya kuwaangalia, na miaka iliyofuata hesabu ikapita 1,000. Mabadiliko hayo yanajulikana kwa sababu kulikuwa na namba iliyoandikwa kwenye karatasi.

Uvira ina vitu vya kuanzia. Ina Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, ambacho kimezoea kupima maji na kuchunguza samaki wa Tanganyika kwa miaka mingi. Lwiro, karibu na Bukavu, ina kituo cha utafiti chenye mikusanyo ya wanyama na watu wanaojua kutambua ndege. Mji una vyuo, na wanafunzi wanaotafuta kila mwaka kichwa cha kazi ya mwisho ya masomo na kurudia vichwa vile vile. Zaidi ya wote, ina wavuvi. Mvuvi anayetoka na mtumbwi usiku na kurudi asubuhi ameona ndege wengi kuliko profesa yeyote. Anawajua kwa sauti, kwa saa na kwa majira, na anawaita kwa majina ya Kifuliiru, Kivira au Kibembe ambayo hayamo kwenye vitabu. Majina hayo yaandikwe kwanza. Hesabu isiyojua majina ya wenyeji itabaki hesabu ya wageni.

Tarehe pia ipo tayari. Kila mwezi wa kwanza, inchi nyingi zinahesabu ndege wa maji kwa siku zinazokaribiana, ili ndege yule yule asihesabiwe mara mbili kwenye fasi tofauti. Kazi hiyo ilianza Ulaya mwaka 1967, ikaingia Afrika mwaka 1991, na inasimamiwa na shirika la Wetlands International. Mtu hahitaji kujenga ofisi ili kushiriki. Anahitaji kurudi fasi ile ile, saa ile ile, kila mwaka, na kuandika kwa uaminifu hata siku ambayo hakuona kitu. Sifuri iliyoandikwa vizuri ina thamani kuliko elfu moja ya kukisia.

Kinachotakiwa kutoka kwa wakubwa ni kidogo, na kwa sababu ni kidogo hakuna udhuru. Meya wa Uvira, au yeyote mwenye mamlaka ya mji wakati huo, atie sahihi karatasi inayotaja kikundi cha wahesabuji, siku zao na fasi zao. Wakuu wa jeshi na wa wanamaji wapewe nakala kabla, wasishtukizwe. Askari mmoja atembee na kikundi ikibidi. Naye apewe darubini aangalie. ICCN itume mtu wa kufundisha. Na Burundi iombwe kuhesabu upande wake asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu mwari anayeruka kutoka Gatumba kwenda Kavimvira anatumia dakika chache tu. Inchi hizo mbili, pamoja na Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa usimamizi wa Ziwa Tanganyika huko Dar es Salaam mwaka 2003. Kuhesabu ndege pamoja kwa siku moja kungekuwa jambo dogo kabisa kati ya yale waliyoahidi.

Hapa kuna jambo ambalo wapenda mazingira hawapendi kusikia. Neno hifadhi linaogopesha watu wa Kivu ya Kusini, na wana sababu. Batwa walifukuzwa kutoka msitu wa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970 na mpaka leo wanadai haki yao. Mama anayelima mchicha karibu na Ruzizi akisikia kwamba watu wa ndege wamekuja, atafikiria kwanza shamba lake, na hakosei. Kwa hiyo ni vizuri hesabu itangulie na mipaka ifuate, ikiwa itafuata. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa asili inataka wakaaji waulizwe kabla ya eneo kuwekwa chini ya ulinzi. Waulizwe basi kwa kweli, wakiwa na namba mkononi: matete haya yabaki, pale palimwe, kichanga kile kisikanyagwe kwa miezi mitatu. Watu waliohesabu wenyewe kwa miaka mitano watajua cha kujibu, na hawatapumbazwa kirahisi na mradi wa kutoka Kinshasa wala na mnunuzi wa ardhi anayekuja na trakta.

Kuna mengine yanayokuja. Mradi wa bwawa jipya, Ruzizi III, unangoja juu ya mto huo huo, na bwawa lolote linabadilisha namna maji na udongo vinavyofika chini. Labda mlango wa mto utaathirika kidogo, labda sana. Siku mafundi watakapokuja na makaratasi kusema kwamba hakuna kilichobadilika, Uvira itahitaji daftari la miaka iliyotangulia.

Mwezi wa kwanza maji huwa yamejaa kwa sababu ya mvua, matope ni mengi, na wageni wa kaskazini bado wapo. Mwezi wa saba mto unashuka na vichanga vinatoka tena juu ya maji. Safari mbili kwa mwaka zingetosha kuanza. Ile ya pili ifanyike jioni, wakati wavuvi wa Kalundu wanapojaza taa zao kabla ya kutoka. Ndiyo saa ya ndege-mkasi kuanza kukata maji.